Suruali Yenye Kiuno Kipana

Mvua ilikuwa bado haijaamua kama inanyesha au inaacha. Inspekta alisimama mlangoni mwa chumba cha cherehani na mfuko wa kaki kwapani, akangoja mwenye chumba amalize mshono. Alikuwa mwanamke aliyelelewa na shangazi fundi, na tangu utotoni alijua kwamba fundi hakatizwi katikati ya mshono, hata nyumba ikiungua. Nyuma yake Sajini alikuwa akikwangua matope kwenye soli huku akiilaani barabara, manispaa na kiatu chenyewe.

Cherehani ikanyamaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kama ni sare za polisi mseme mapema. Zile mifuko yake inanitoa jasho."

"Leo hatujaleta kazi. Tuna maswali tu."

"Maswali hayana gharama. Kaeni hapo kwenye benchi, sogezeni hivyo vitambaa."

Mtaani walimwita Mama Fundi. Alikuwa mwanamke wa makamo ya juu, miwani imefungwa uzi upande mmoja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Chumba kilikuwa kidogo: cherehani moja, meza ya kukatia, pasi, kopo la vifungo. Ukutani zilitundikwa suruali mbili mpya za kiume, moja ya bluu, moja ya kahawia. Jambo la kwanza Inspekta aliloliona ni kwamba zote mbili zilikuwa na kiuno kipana, na la pili ni kwamba hazikuwa zimevaliwa bado.

Alifungua mfuko wa kaki, akatoa suruali ya tatu. Hii ilikuwa kuukuu, imepauka kwa maji. Aliigeuza ndani nje. Kwenye mkanda wa kiuno, upande wa kushoto, palikuwa na kijifuko cha siri kilichofungwa kwa uzi mwekundu.

"Nimezunguka kwa mafundi wenzako na kitu hiki. Wote wamenielekeza hapa."

Mama Fundi aliipokea, akapitisha kidole gumba juu ya uzi mwekundu. "Ni mkono wangu. Kijifuko hiki nawashonea wanangu tu, waweke nauli. Hii ni ya Kitinda, mtoto wangu wa mwisho." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa beseni lake na jirani. "Mmeitoa wapi?"

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa kilio, hakujiandaa kwa utulivu huo. Alimweleza kama ilivyo. Kabla ya msimu huu wa mvua kuanza, mwili wa kijana uliokotwa kwenye mtaro nyuma ya kinu cha zamani. Maji yalikuwa yameharibu uso. Hakuna ndugu aliyejitokeza, manispaa wakazika. Mwili ulikuwa na suruali hii.

"Masikini," Mama Fundi alisema. "Na huyo naye ana mama yake mahali."

"Mama, suruali umesema ni ya mwanao."

"Suruali ndiyo. Maiti siyo." Alichukua simu kutoka juu ya kopo la vifungo. "Sikilizeni wenyewe. Hii imeingia jana jioni."

Ilitoka sauti ya kijana, nzito kidogo puani. *Mama, shikamoo. Ni mimi Kitinda. Naendelea vizuri sana. Hii ni wiki ya nane. Nimenenepa, mama, suruali hazinitoshi. Usije kwanza, ukija utanirudisha nyuma.* Hapo sauti ilikatika, pakasikika pumzi ndefu, kisha ikaendelea. *Niombee tu. Nakupenda, mama.*

"Mtu aliyezikwa kabla ya mvua hawezi kunisalimia jana jioni," Mama Fundi alisema. "Au polisi mna elimu nyingine?"

Sajini alikohoa kuficha kicheko. "Afande, hapo mama ametufunga bao."

"Kitinda ni mgawaji," Mama Fundi aliendelea. "Tangu mdogo. Ungempa mkate, ungemkuta anaulizia nani hajala. Atakuwa amempa mwenzake suruali huko kituoni, na huyo mwenzake ndiye aliyepatwa na mabaya. Tena hazimtoshi, kasema mwenyewe."

Ilikuwa hoja safi. Inspekta aliipokea, akaiweka pembeni bila kuitupa.

"Kituo gani, mama?"

"Cha Baba Mlezi, kule juu, ukuta wenye picha za watu wanaocheka. Wanawatoa vijana kwenye unga." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Alikuja mwenyewe, alfajiri, akakaa hapo hapo ulipokaa, akasema mama nipeleke mahali, nimechoka. Nilimpeleka siku ile ile kabla hajabadili mawazo. Sharti lao ni moja: mzazi haji mpaka aitwe. Ukipiga simu hawapokei. Wao ndio wanatuma sauti yake kila wiki."

"Na hujawahi kumwona?"

"Nimuone nimharibie? Mwanangu, nilikuwa napita uchochoroni kwa aibu, nisikutane na watu. Leo watu wananisimamisha kuniuliza nilimpeleka wapi."

"Unawaambia?"

"Kwa nini niwafiche? Ile ya bluu ukutani ni ya kijana wa Mama Mwalimu, nyumba ya pili kutoka hapa. Alisikiliza sauti ya Kitinda kwenye benchi hilo, akalia, kesho yake akampeleka wa kwake. Na wa kwake naye kanenepa. Nashona zote kwa pamoja. Ya kahawia ni ya Kitinda."

"Vipimo umevipata wapi?"

"Si kasema amenenepa? Nimeongeza kiuno."

Inspekta alizitazama suruali zile kwa muda. "Naomba nizisikie sauti zote, mama. Tangu ya kwanza."

Walisikiliza. Maneno yalibadilika kidogo tu, wiki ya pili, wiki ya tatu, nimepata marafiki, nafanya mazoezi. Inspekta hakufuata maneno. Aliinamisha kichwa na kufumba macho, na kila ilipofika ile pumzi ndefu aliinua kidole kimoja gotini. Aliinua kidole kwenye kila sauti, na kila mara kabla ya pumzi palikuwa na kuvuta kamasi.

"Alikuwa na mafua?"

"Tangu asubuhi ile nampeleka. Sijui mafua gani hayaponi. Nimempelekea na dawa, nikamwachia dada wa mapokezi getini."

Inspekta alisimama. Aliomba ruhusa ya kuchukua suruali kuukuu tena, akaipata. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ile ya kahawia, mama. Usiimalize leo."

"Kwa nini?"

"Nikirudi nitakwambia."

*

Ndani ya gari Sajini aliwasha vifuta kioo. "Afande, sioni kesi. Suruali imegawiwa. Tutafute aliyegawiwa."

"Umekaa mahabusu miaka mingapi, Sajini?"

"Kama mlinzi au kama mgeni?"

"Mimi nimesimamia mahabusu muda mrefu. Tukiingiza kijana wa unga jioni, asubuhi yake anakuwaje?"

Sajini alifikiri. "Anakuwa na arosto ya kukosa unga. Machozi, kamasi. Anapiga miayo mpaka taya..."

"Anapiga miayo. Siku mbili tatu za mwanzo, basi. Baada ya hapo yanakuja matapishi na tumbo, kisha yanapita kama hajafa. Mtu wa wiki ya nane hapigi miayo ya arosto. Ile haikuwa pumzi."

"Labda ana usingizi tu. Wote tuna usingizi."

"Jana jioni mvua ilikuwaje?"

"Ilitaka kutoboa bati."

"Umesikia tone kwenye ile sauti?"

Sajini alikanyaga mafuta, na hakutania tena mpaka walipofika.

*

Ukuta ulikuwa na picha za vijana wenye meno meupe kuliko ya binadamu. Juu ya geti paliandikwa: TUNAKURUDISHIA MWANAO. Ndani palinukia dawa ya kuoshea sakafu, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine ambayo dawa haikuimaliza. Mapokezi kulikuwa na dada kijana mwenye kucha za rangi, na mbele yake simu nyingi zimechomekwa kwenye chaji.

Baba Mlezi alitoka mwenyewe na mikono miwili mbele. Fulana nyeupe, tumbo la mtu anayelala vizuri. "Karibuni, karibuni. Afande, dada yangu, hapa ni nyumbani. Mimi mwenyewe nimetoka kwenye hayo mambo, kwa hiyo mtu hawezi kunidanganya."

"Namtafuta Kitinda, wa Mama Fundi."

"Kijana mzuri sana! Yuko hatua ya pili, shambani."

"Shamba liko wapi?"

"Hatulitaji. Wakijulikana walipo, wauzaji wanawafuata."

"Naomba niongee naye kwa simu."

"Hatua ya pili haina maongezi. Inavuruga akili. Lakini sauti yake naweza kukuletea hata sasa hivi."

"Hiyo nimeisikia. Namtaka aniambie kitu kimoja tu: mama yake anaficha nauli wapi kwenye suruali."

Baba Mlezi alitabasamu bila kuharakisha. "Afande, ukimkumbusha mgonjwa suruali na nauli, umemkumbusha njia ya kutoroka."

Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na kila jibu lilifunga mlango. Inspekta aliwajua wahalifu wanaobabaika na hakuwaogopa. Huyu alimtia baridi.

"Daktari wenu ni nani?"

"Daktari wetu ni nidhamu."

"Muuguzi?"

"Upendo."

"Na wakitapika usiku, nidhamu ndiyo inayowapa maji?" Sajini aliuliza.

Kabla hajajibiwa geti liligongwa. Aliingia mwanamume mwenye koti la kazi, amemshika mkono kijana anayefanana naye, mdogo wake bila shaka. Kijana alikuwa anatetemeka, machozi na kamasi vinamtoka, na alipiga miayo mara mbili kabla hajafika kwenye kiti.

"Kaka, uende sasa," dada wa mapokezi alimwambia mwanamume kwa upole. "Kuagana kunawaumiza." Kaka mtu aliondoka akifuta uso kwa kiganja. Dada alichukua simu moja kwenye chaji, akamshika kijana bega. "Njoo umsalimie mama kwanza, ndiyo tukupeleke kuoga."

Baba Mlezi alijisogeza katikati. "Afande, nije nikuonyeshe bustani."

"Bustani haikimbii," Inspekta alisema, akampita.

Mwisho wa korido palikuwa na chumba kidogo, kuta zake zimezibwa kwa magodoro ili kelele zisiingie. Mlango haukufungwa vizuri. Inspekta alisimama nje.

"Mama, shikamoo," kijana alikuwa anasema ndani. "Hii ni wiki... wiki ya ngapi, dada?"

"Ya sita. Ya tano umemaliza. Anza tena."

"Hii ni wiki ya sita. Naendelea vizuri." Akapiga miayo. "Dada, nasikia baridi. Sijala tangu jana."

"Utakula. Sema umenenepa."

"Nimenenepa, mama. Suruali hazinitoshi."

Inspekta alisukuma mlango. Kijana alikuwa ameketi chini, magoti kifuani, mkanda wa suruali umekazwa mpaka tundu la mwisho.

Dada wa mapokezi alishika simu kifuani. "Mimi narekodi tu na kutuma siku ikifika. Tunawarekodi wakiingia kwa sababu baadaye hawaongei vizuri. Wanalala sana."

"Kitinda wa Mama Fundi bado yuko?"

Dada alipekua simu, akaonekana kupata ahueni. "Yuko. Zimebaki chache."

"Nimekuuliza mtu."

"Sauti zake ziko," dada alisema polepole, na hapo ndipo aliposikia alichokisema. "Mimi siambiwi nani yupo nani hayupo. Nilijua wapo shamba."

Shamba lilikuwa nyuma ya jiko. Lilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, komeo nje, kufuli juu ya komeo. Sajini alilivunja kwa jeki ya gari. Ndani, mchana ule, vijana walikuwa wamelala kwenye sakafu wamegusana, na mwanga ulipoingia wachache tu waligeuza uso. Inspekta alipiga magoti kwa wa kwanza, akamuuliza jina lake. Kijana alifikiri sana, kisha akaomba maji.

Wakati Sajini akipaza sauti kwenye simu kuita magari ya wagonjwa, Baba Mlezi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jiko na pingu mikononi. Tabasamu lilikuwa limekwisha, lakini majibu hayakumwishia.

"Mama asiposikia sauti anakuja kumtoa mtoto, na akitoka mapema anarudi kwenye unga. Nilikuwa nawalinda na mama zao."

"Na ada inakatika."

"Nyumba inaendeshwa na nini, Afande?"

"Kitinda."

Baba Mlezi alitazama mikono yake. "Alikuwa dhaifu. Tumbo lilimwendesha, akatapika mpaka akaisha. Tukampa vidonge vya usingizi apumzike. Hakuamka. Ningemwambia nini mama yake?"

"Ungemwita daktari, usingekuwa na la kumwambia."

*

Mkuu wa kituo alisikiliza taarifa yote akiwa amesimama dirishani. Inspekta alitaka itangazwe redioni jioni ile ile: wazazi wote wenye watoto kwa Baba Mlezi waje, na wenye watoto kwenye nyumba nyingine zisizo na daktari, zinazokataza kuonana, waende wakawaone watoto wao kwa macho, siyo kwa simu.

"Ukitangaza hivyo wazazi wataanguka kwa presha, na mawakili wake watasema tumezua," Mkuu alisema. "Niletee mzazi mmoja atakayesimama aseme yamemkuta. Hapo nitatangaza mimi mwenyewe."

Kwa hiyo Inspekta alirudi kwenye chumba cha cherehani na kazi mbili, zote mbaya. Suruali ya kahawia ilikuwa pale pale ukutani. Mama Fundi hakuwa ameigusa. Alikuwa ameketi bila kazi mkononi, na kwa fundi hiyo ni dalili tosha.

Inspekta alimwambia yote, kwa mpangilio, bila kulainisha. Mama Fundi alisikiliza huku akiizungusha futi kidoleni.

"Kwa hiyo kunenepa alifundishwa kusema."

"Ndiyo, mama."

"Na kunipenda?"

"Nimesikia sauti za wenzake kwenye simu za kituo. Hakuna mwingine aliyesema hivyo. Hilo alijiongezea mwenyewe. Hilo na miayo."

Mama Fundi aliinamia meza ya kukatia, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyechelewa msiba na sasa anataka kuufikia. Inspekta alikaa pembeni yake, mkono mgongoni, naye macho yakamlowa na hakuyafuta. Sajini alitoka nje akasimama mvuani.

Baada ya muda mrefu Mama Fundi alinyanyua kichwa. "Mmesema zimebaki."

"Zimebaki. Ya mwisho anasema anakuja nyumbani."

"Hiyo nitunzie. Sitaki leo."

Inspekta alikuwa bado anatafuta namna ya kuleta habari ya redio, na alijichukia kwa kuitafuta, pale mwavuli ulipogonga mlango. Mama aliyeukunja alikuwa mwembamba, nywele nyeupe, chaki bado ipo kwenye mkono wa sweta. Hakuhitaji kujitambulisha, maana macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye suruali ya bluu.

"Fundi wangu, tayari? Katuma tena leo mchana. Kazidi kunenepa, sijui kama hata hii itamtosha!" Kisha akauona uso wa mwenzake. "Kuna nini?"

Mama Fundi alijifuta kwa kipande cha kitambaa. Alimtazama Inspekta. "Mwambie mkuu wako kesho nitasimama, redioni au popote. Lakini huyu aisikie kwangu, siyo redioni. Mimi ndiye niliyemwambia ampeleke." Alisogea kwenye benchi, akapiga nafasi kwa kiganja. "Kaa, mama mwenzangu. Toa simu yako. Tusikilize ya mwanao."

"Si tulishaisikia ile ya..."

"Tuisikie tena. Safari hii usifuate maneno."

Mama Mwalimu alikaa, bado na nusu ya tabasamu. Alibonyeza. *Mama, shikamoo,* simu ikasema. *Naendelea vizuri.* Mama Fundi alimshika mkono, na ilipofika ile pumzi ndefu akaubana. Kisha akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache, na hakumwacha mkono hata alipoanza kuuvuta.

"Wangu amekwisha," alimalizia. "Wa kwako hatujui. Kuna waliotolewa wakiwa hai, wako hospitali, wengine hawakumbuki hata majina yao. Tunakwenda sasa hivi kuwatazama mmoja mmoja. Akiwemo, utamtambua. Asipokuwemo, sitaondoka kwako."

Mama Mwalimu hakulia. Alisimama akaketi, akasimama tena, akautafuta mwavuli uliokuwa mkononi mwake. Inspekta alifungua mlango na kumwashiria Sajini awashe gari.

Mama Fundi alinyoosha mkono ukutani. Aliiruka ya kahawia, akaishusha ya bluu, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko.

"Itamvuka," Mama Mwalimu alisema kwa sauti isiyo yake. "Kama hajanenepa, itamvuka."

Mama Fundi alivua futi shingoni, akaiweka ndani ya mfuko juu ya suruali.

"Tutamfunga kiunoni na hii," alisema. "Twende."